FANI NA MAUDHUI KATIKA MICHORO YA UKUTANI YA MEKSIKO

1. Utangulizi

Kila inapotajwa michoro ya ukutani ya Meksiko katika mihadhara yetu ya fasihi na sanaa, hutolewa kuwa mfano wa sanaa iliyojitolea kuutumikia umma. Husemwa kwamba wachoraji wa nchi ile waliziacha picha za fremu ambazo hununuliwa na kufungiwa sebuleni mwa matajiri, wakaingia katika mashule, wizara na majumba ya vyama vya wafanyakazi, na huko wakauchorea umma historia yake. Usemi huo ni wa kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Unatueleza michoro ile ilisema nini na ilimsemea nani, hautuelezi ilisemaje. Kwa istilahi tulizozizoea, tumeyashika maudhui na kuiacha fani ikining'inia.

Mwandishi wa makala haya si mchoraji, na haoni haya kulikiri hilo. Alipokuwa masomoni ng'ambo kwa ajili ya shahada ya pili, alisafiri siku moja ya baridi kali hadi Detroit, Marekani, ili aione kazi ya Diego Rivera iliyochorwa mwaka 1932 na 1933 katika ukumbi wa jumba la sanaa la mji huo. Alikuwa amekwisha kusoma mengi juu ya kazi hiyo, hata akajua mapema kwamba angeona mitambo ya kuundia magari na wafanyakazi walioinama kazini. Lakini kuna jambo moja dogo ambalo hakuna kitabu kilichomtayarisha kulikabili: hakujua asimame wapi. Picha 27 zilimzunguka pande zote nne. Alipoukabili ukuta mmoja, mwingine ulikuwa mgongoni pake. Aliposogea karibu apate kuiona mikono ya wafanyakazi, mitambo ilimponyoka. Aliporudi nyuma, nyuso zilipotea. Alizunguka humo kwa muda wa saa nzima, na alipotoka alikuwa na swali ambalo hakuja nalo: je, mtazamaji wa mchoro wa ukutani husimama wapi?

Madhumuni ya makala haya ni kulijibu swali hilo. Tutajaribu kuonyesha kwamba sifa za kisanaa za michoro hii zilizaliwa na vitu vitatu: chokaa, jengo, na mtazamaji anayetembea. Tena tutaonyesha kwamba wachoraji wake wakuu watatu, ingawa maudhui yao yalikaribiana, walitofautiana mno katika fani, na kwa sababu hiyo wakatofautiana pia katika maana.

2. Asili na mazingira

Mapinduzi ya Meksiko yalianza mwaka 1910 dhidi ya utawala wa Porfirio Díaz, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaendelea kwa miaka kama kumi. Alipotwaa urais Álvaro Obregón mwaka 1920, nchi ilikuwa imechoka, na wengi wa wananchi hawakujua kusoma. Mwaka 1921 José Vasconcelos alifanywa waziri wa elimu. Pamoja na kujenga shule na kuchapisha vitabu, aliwapa wachoraji kuta za majengo ya umma. Kazi ilianza mwaka 1922 katika Escuela Nacional Preparatoria ya Mexico City, shule iliyokuwa katika jengo la kale la Wajesuti. Humo walikutana Rivera (1886-1957), José Clemente Orozco (1883-1949), David Alfaro Siqueiros (1896-1974), Jean Charlot aliyezaliwa Ufaransa, Fermín Revueltas, Ramón Alva de la Canal na wengineo. Waliunda chama chao, nacho kikatoa ilani iliyoikataa picha ya fremu na kuitukuza sanaa iliyo mali ya wote.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba sanaa hii ilichipuka pasipo na mizizi. Kuta za mji wa kale wa Teotihuacan zilikuwa na michoro karne nyingi kabla ya kufika Wahispania. Baada ya ushindi wao, watawa wa Kikristo waliwatumia mafundi wenyeji kuchora kuta za nyumba zao za ibada katika karne ya 16. Mitaani, vilabu vya pombe ya pulque vilipambwa kwa picha za rangi kali, na mchonga picha José Guadalupe Posada (1852-1913) alikuwa amekwisha kuwazoesha watu wa kawaida picha za mifupa inayocheka, zilizochapishwa katika karatasi za bei nafuu. Rivera naye alizuru Italia mwaka 1920 na 1921, akazichunguza fresko za makanisa ya huko. Hapa yafaa tahadhari moja. Wako wanaoitaja michoro mashuhuri ya Wamaya ya Bonampak kuwa chemchemi ya sanaa hii. Michoro hiyo ilijulikana kwa wataalamu mwaka 1946, wakati kazi nyingi kuu za akina Rivera zilikuwa zimekwisha kukauka ukutani. Mto hauwezi kutanguliwa na bahari yake.

3. Chokaa na mkono

Fresko ni neno lililotokana na Kiitalia lenye maana ya ubichi, na ubichi wenyewe ni wa lipu. Wasomaji waliokulia katika nyumba za mawe za pwani yetu hawana haja ya kufundishwa chokaa ni kitu gani. Lakini ni vyema kueleza jinsi inavyoshikana na rangi, maana hapo ndipo mtindo unapoanzia.

Ukuta hupigwa kwanza matabaka kadhaa ya lipu ya chokaa na mchanga. Tabaka la mwisho, lililo jembamba na laini, hupakwa kwa kipande kinachotosha kazi ya siku moja tu. Mchoraji hupaka rangi zilizosagwa na kuchanganywa na maji, bila mafuta wala gundi, wakati lipu ingali na unyevu. Inapokauka, chokaa huvuta hewa ya kaboni iliyomo angani na kugeuka kuwa jiwe, na chembe za rangi hunaswa ndani ya jiwe hilo. Kwa hiyo rangi ya fresko haikai juu ya ukuta kama kanga ikaavyo juu ya mwili. Imekuwa sehemu ya ukuta wenyewe.

Mambo matatu hutokana na kemia hiyo. La kwanza ni rangi. Ukali wa chokaa huharibu rangi nyingi, na zinazostahimili zaidi ni zile za udongo na kutu ya chuma: nyekundu, manjano na kahawia. Basi rangi za ardhini tunazozisifu katika kazi za Rivera na Orozco, ambazo wahakiki huzieleza kuwa ishara ya mapenzi ya ardhi, ziliamuliwa kwa sehemu kubwa na chokaa. Msanii mwema ni yule aliyeigeuza lazima hiyo kuwa maana.

La pili ni wakati. Lipu haimsubiri mtu. Aliyekosea hana njia ya kufuta. Sharti akikwangue kile kipande na kupiga lipu upya. Kwa sababu hiyo mpango wote huamuliwa kabla, na mkono hupaswa kwenda kwa mistari mikubwa na maumbo yaliyo wazi. Hali hii yafanana na ile ya malenga anayejibizana papo kwa papo mbele ya hadhira: kanuni za bahari na vina amezibeba kichwani tangu zamani, lakini neno likishatamkwa halirudi. Urahisi wa maumbo ya fresko usichukuliwe kuwa ni kuwashushia watu wa chini kiwango cha sanaa. Ni adabu ya chombo.

La tatu ni ushirika. Mchoraji wa fresko hawezi kuanza kazi kabla ya mwashi kumaliza yake. Ndiyo maana chama chao kilijiita chama cha wafanyakazi wa ufundi, wachoraji na wachongaji. Neno la kwanza halikuwa pambo la kisiasa. Ujuzi wenyewe iliwabidi kuutafuta kwa kujaribu na kukosea. Kazi ya kwanza ya Rivera katika shule ile ilifanywa kwa nta iliyopashwa moto, wala haikuwa fresko. Baadaye alijaribu kuichanganya rangi na utomvu wa mpungate, akiamini anafufua siri ya mafundi wa kale. Utomvu ukaacha madoa, naye akauacha.

4. Watatu na mahali pa kusimama

Turudi sasa kwenye swali letu. Picha ya fremu humngoja mtazamaji mbele yake, naye huiona yote kwa mara moja. Mchoro wa ukutani hauna fadhila hiyo. Kuna milango, nguzo, matao na ngazi. Kuna watu wanaopita wakienda kwenye shughuli zao. Wachoraji wetu watatu walilikabili tatizo hilo kwa njia tatu.

Rivera alimtaka mtazamaji atembee na kusoma. Katika jengo la Wizara ya Elimu, alilolichora kati ya 1923 na 1928, kuna nyua mbili zenye ghorofa tatu, na kuta za varanda zake zimejaa picha zaidi ya mia moja. Ua mmoja ni wa kazi, wa pili ni wa sikukuu. Anayepita huziona picha moja baada ya nyingine, mithili ya beti. Katika mojawapo, askari wa mapinduzi wanamfungua kamba mtumwa wa shambani aliyechapwa viboko, na mwili wake umelazwa jinsi wachoraji wa Kikristo walivyozoea kumlaza Yesu anaposhushwa msalabani. Rivera, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, alichukua sarufi ya picha ambayo watu wake walikwisha kuijua tangu utotoni, akaitungia sentensi mpya. Katika Jumba la Taifa, alikoanza kuchora ngazi kuu mwaka 1929, aliijaza historia nzima pasipo kuacha nafasi tupu. Vita vya ushindi wa Wahispania viko chini. Karne zinazofuata zinabanana juu yake ndani ya matao, na katikati ametua tai juu ya mpungate. Hakuna sehemu moja ya kusimama inayoifanya picha hiyo itulie. Mtu huipanda historia kwa miguu yake.

Orozco alimtaka mtazamaji asimame na kunyamaza. Alipata kuwa mchora katuni wa magazeti, akayaona mapinduzi bila kuyapamba. Mchoro wake uitwao La trinchera, yaani handaki, alioumaliza mwaka 1926 katika shule ile ya Preparatoria, una watu watatu tu. Wawili wameegemea vifusi, miili yao imekaa mshazari kama mbao zilizovunjika; wa tatu amepiga magoti na kujifunika uso kwa mkono. Nyuma yao pamejaa wekundu. Hatuoni uso wa hata mmoja wao. Hakuna bendera, wala adui. Mtu aweza kusema kwamba wanaufia uhuru. Aweza pia kusema kwamba wanakufa tu. Fani imekataa kuamua, na kukataa huko ndiko maudhui yenyewe. Huko Guadalajara, katika Hospicio Cabañas alikochora mwishoni mwa miaka ya 1930, ndani ya kuba anapaa mtu anayewaka moto. Aliye chini sharti ainue shingo, na kinachomkabili kwanza ni nyayo za yule mtu, maana mwili umefupishwa ukielekea juu. Anaungua au anatukuka? Shingo huuma kabla jibu halijapatikana.

Siqueiros alikataa kumsimamisha mtazamaji mahali pamoja. Alikuwa askari katika mapinduzi, na aliamini kuwa enzi ya mitambo haiwezi kusemewa na vyombo vya enzi ya punda. Alitumia saruji badala ya chokaa, bomba la kupulizia badala ya burashi, na rangi za viwandani za namna ile ipakwayo magari. Katika karakana yake ya majaribio mjini New York mwaka 1936 kijana Jackson Pollock alikuwa miongoni mwa wanafunzi. Kazi iliyo dhahiri zaidi kwa hoja yetu ni ile ya ngazi za chama cha wafanyakazi wa umeme mjini Mexico City, iliyofanywa mwaka 1939 na 1940 pamoja na kundi la wenzake. Picha hiyo hupita kutoka ukuta hadi ukuta na kupanda darini bila kujali pembe za jengo. Umbo linaloonekana limepinda kwa aliye chini ya ngazi hunyooka kwa aliyefika katikati. Mfanyakazi anayepanda kwenda mkutanoni ndiye anayeikamilisha picha kwa mwendo wake.

Basi ukiwauliza watatu hawa maudhui yao, utajibiwa mambo yanayokaribiana: dhuluma, vita, kazi, ukombozi. Ukiwauliza mtazamaji asimame wapi, mmoja atasema tembea usome, wa pili atasema simama uulize, wa tatu atasema panda upiganie. Hizo ni siasa tatu tofauti, na kila moja imeandikwa katika fani.

5. Neno na picha

Imezoeleka kusema kwamba michoro hii ilikuwa kitabu cha wasiojua kusoma. Kwa sisi wa idara za lugha, usemi huo una kasoro mbili.

Kwanza, unadhani kuwa picha ni badala ya maandishi, kama fimbo ilivyo badala ya mguu. Katika Kinahuatl, lugha ya Waazteki ambayo ingali inasemwa hata leo, kitenzi kimoja hutumika kwa kuandika na kwa kuchora, na mwenye kazi hiyo huitwa tlacuilo. Vitabu vyao vya kukunjwa vilikuwa picha na maandishi kwa wakati mmoja, na usemi wa mtu ulionyeshwa kwa alama iliyojikunja kama moshi mbele ya kinywa chake. Kiswahili nacho hakikuzitenga sana kazi hizi: twaandika barua, na twaandika meza, twachora picha, na mlango wa nakshi huchorwa kwa patasi. Ukuta uliochorwa kwa hiyo haukuwa ngazi ya chini ya kusoma. Ulikuwa usomaji wa aina nyingine, wenye kanuni zake.

Pili, michoro yenyewe haikulikimbia neno. Katika ghorofa ya juu ya ua wa sikukuu, Rivera alichora utepe mwekundu unaopita juu ya picha moja hadi nyingine, na ndani ya utepe huo yameandikwa maneno ya corrido, yaani tungo za masimulizi ambazo watu wa Meksiko huziimba kuhusu vita, mashujaa na misiba, kwa dhima inayokaribia ile ya tenzi zetu za kihistoria. Asiyejua kusoma huenda alizifahamu tungo za namna hiyo kwa sikio. Ajuaye kusoma alilazimika kutembea ili aufuate ubeti. Hapo fasihi simulizi, maandishi na picha zimefungwa kwa utepe mmoja.

6. Mipaka na mivutano

Haitakuwa haki kuisifu sanaa hii bila kuitaja mipaka yake. Umma uliokusudiwa haukuwa ndio uliofika daima. Wizara na ikulu ziko mji mkuu. Mkulima wa kijiji cha mbali hakuwa na safari huko. Watazamaji wa kwanza walikuwa wanafunzi wa Preparatoria, na mwaka 1924 baadhi yao waliichafua na kuikwaruza michoro kwa kuichukia. Kazi ikasimama, na Orozco akarudi kuimaliza mwaka 1926. Isitoshe, mwenye ukuta alikuwa serikali. Chama kilichoasisiwa mwaka 1929 kilishika urais hadi mwaka 2000, na picha za mapinduzi zikawa sehemu ya mapambo ya utawala ambao kwa miaka mingi haukutaka mapinduzi mengine. Siqueiros mwenyewe alifungwa gerezani kutoka 1960 hadi 1964.

Ng'ambo ya mpaka mwenye ukuta alikuwa tajiri. Rivera alipochora sura ya Lenin katika jengo la Rockefeller Center, New York, mwaka 1933, na kukataa kuiondoa, alisimamishwa. Mwaka 1934 mchoro ulivunjwavunjwa, naye akauchora upya mwaka huohuo katika Palacio de Bellas Artes, Mexico City. Mchoro wa Siqueiros wa mwaka 1932 huko Los Angeles, wenye Mwindio aliyesulubiwa chini ya tai wa Marekani, ulifunikwa kwa rangi nyeupe. Ulifunguliwa tena kwa umma mwaka 2012.

Hata miongoni mwa wachoraji wenyewe ukuta haukuwa wa wote. Aurora Reyes alichora mwaka 1936 mwalimu wa kike wa shule ya kijijini akishambuliwa, kazi inayostahili kujulikana zaidi na walimu wa kila nchi. Lakini María Izquierdo, aliyepewa mkataba wa kuchora jengo la serikali ya jiji mwaka 1945, alinyang'anywa baada ya Rivera na Siqueiros kutoa shauri kwamba hakuwa na uzoefu wa kutosha. Mwaka huohuo Siqueiros alitoa kitabu ambacho jina lake lilidai kuwa hapakuwa na njia ila yao. Si ajabu, basi, kwamba vijana wa miaka ya 1950, José Luis Cuevas akiwa mbele, waliuona ukuta kuwa kizuizi. Sanaa iliyozaliwa kwa kuvunja mlango ilikuwa imeanza kujifunga kwa ndani.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba rangi za michoro hii zina asili yake katika chokaa, mistari yake katika haraka ya lipu, na mpangilio wake katika ngazi, matao na miguu ya wapitao. Tumeona pia kuwa mahali anaposimama mtazamaji ndipo maana inapoamuliwa. Mwandishi alikosea kuingia katika ukumbi wa Detroit akitafuta ujumbe alioufahamu tayari. Ukumbi wenyewe ukamfundisha kutafuta mahali pa kusimama.

Kuna swali la mtihani ambalo sote tumelitunga wakati mmoja au mwingine: Jadili maudhui ya kazi hii, kisha ueleze fani yake. Mwanafunzi mtiifu huigawa karatasi yake sehemu mbili. Katika ya kwanza huorodhesha dhuluma, matabaka na ukombozi. Katika ya pili huorodhesha tashbihi, takriri na methali. Sehemu hizo mbili hazikutani kamwe, nasi humpa alama nzuri. Kwa swali la namna hiyo, La trinchera na ngazi za wafanyakazi wa umeme zingepata jibu moja, ilhali moja inamwuliza mtu kama kufa kuna maana, na nyingine inamtuma mkutanoni. Neno lile "kisha" ndilo linalotuponza. Tukiliondoa katika maswali yetu, tutakuwa tumeanza kusoma, iwe kilichopo mbele yetu ni ukuta au ni utenzi.